Mafuta ya Majike Wazee

Moshono, Arusha
Alhamisi, 14 Novemba 2024

Mpendwa mwanangu Nice,

Marahaba kwa shikamoo uliyoniletea mimi shangazi yako kwenye barua ya mwisho. Joto la Morogoro linakuonaje? Baba yako aliniambia una kikohozi kisichotaka kuondoka, nami nikamwambia ni hiyo feni unayolala nayo ikikupulizia kichwani usiku kucha. Niandikie kama kimepoa. Na je, unakula? Wewe tangu utotoni ukishika kitabu unasahau sufuria jikoni.

Huku mvua za vuli zimeanza. Maharage ya nyuma ya nyumba yameota vizuri, na mlima hatujauona siku ya nne leo kwa mawingu. Bibi yako goti linamsumbua asubuhi, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Hanna wangu anaendelea na kazi yake, na binti yake Princess ninaye mimi hapa. Yuko darasa la kwanza, meno mawili ya mbele yameng'oka, na maswali anayo mengi kuliko mwalimu wake. Ningependa kumalizia salamu kwa kusema sote tu wazima, kama watu wanavyoandika. Siwezi. Mume wangu hayupo nyumbani, ni mgonjwa kuliko alivyokuwa, na kosa naona ni langu.

Utashangaa nakuandikia barua wakati simu ninayo. Meseji nimeianza mara tatu nikaifuta. Kukupigia nimeshindwa, maana nikisikia sauti yako nitalia, nawe utaanza kunibembeleza. Sitaki kubembelezwa. Nataka unijibu kama unavyowajibu walimu wako.

Unakumbuka mwezi wa Machi, Baba Hanna alipobanwa kifua akitoka shambani tukamkimbiza hospitali. Alipewa dawa za presha, akaambiwa damu yake ina mafuta mengi. Daktari, mama mmoja mpole, alituandikia kwenye karatasi: aache nyama ya ng'ombe, ya mbuzi na ya kondoo, aache vya kukaanga, na yale mafuta ya kondoo asiyaguse kabisa. Mzee wangu akauliza sasa atakula nini, majani? Daktari akacheka. Akasema samaki, kuku bila ngozi, na kama tunafuga sungura basi tumebarikiwa, kwa sababu nyama yake ni nyepesi. Nilitoka pale nimenyoosha shingo. Mabanda ninayo, sungura zaidi ya arobaini. Nikaona kumbe Mungu aliniingiza kwenye ule mradi wa akina mama wa kufuga sungura kwa makusudi yake.

Sasa sikia nilivyofanya. Sungura wangu wa miezi mitatu wote wanachukuliwa na yule mteja anayepelekea mahoteli, yeye hataki aliyevuka kilo mbili na nusu. Wanaobaki nyumbani ni majike wazee, wale walioacha kuzaa. Lakini nisijitetee kwa hilo. Hata kama vijana wangebaki, nisingempa. Wewe umekulia kwetu, unajua mzee hachinjiwi kitoto. Anachinjiwa mnyama aliyekomaa, anapewa pale penye mafuta, na kile kikavu wanapewa watoto. Mama alinifundisha hivyo, naye alifundishwa na mama yake. Mke anayemwekea mumewe kipande kikavu amemwambia kitu bila kufungua mdomo.

Kwa hiyo nikawatenga majike wangu wazee kwenye banda la peke yao. Nikawalisha pumba ya mahindi asubuhi na jioni, pamoja na makombo ya ugali. Walinenepa mpaka wakawa wanajivuta. Nikichinja mmoja, mgongo wake nampa Princess, kwa kuwa ni nyama kavu isiyo na utamu. Mikono ya mbele na zile nyama laini za tumboni nampikia babu yake. Na figo, Nice. Figo za majike wale zilikuwa zimefunikwa na mafuta meupe kama pamba. Nikayatoa, nikayayeyusha kwa moto mdogo, nikayahifadhi kwenye chupa ya jamu. Kila siku kijiko kimoja kwenye mchuzi wake na kijiko kimoja kwenye mboga zake. Kwetu mgonjwa hupewa mafuta ya kondoo apate nguvu. Daktari alikataza ya kondoo, lakini haya ni ya sungura, na sungura si ameruhusiwa? Ndivyo nilivyofikiri, na nikajiona mwerevu.

Oktoba tukarudi kupima. Daktari akaitazama karatasi, akavua miwani, akatuambia mafuta yamepanda kuliko yale ya Machi. Akamuuliza mzee anakula nini. Mzee akajibu kwamba anakula anachopewa na mke wake, basi.

Mdomo wangu unaujua, huwa unatangulia akili. Nikasema mbele ya daktari na muuguzi kwamba mimi nampikia sungura tu, lakini kila siku ya mnada huyu anakwenda Kikatiti kwa mdogo wake Lemomo, na huko nyama inachomwa tangu asubuhi. Wakaulizwe wachoma nyama. Mzee akasema tangu Machi hajagusa nyama ya mnadani. Nikamjibu kwamba karatasi haisemi uongo, kwa hiyo mwongo ni yeye.

Nice, mwaka wa thelathini na moja huu tangu tufunge ndoa. Kwa hasira nimemwita mengi, lakini mwongo sikuwahi. Tulipofika nyumbani alichukua fimbo yake, blanketi lake na mfuko wa dawa, akaniambia kwa utulivu kabisa kwamba hawezi kula katika nyumba anayoitwa mwongo. Akaondoka kwenda kwa Lemomo. Badala ya kumfuata mimi nikavimba. Nikampigia Hanna, nikampigia baba yako, nikamwambia na wifi yangu mama yako, wote wajue kwamba mzee ameifuata nyama choma. Wanasema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza nyumba nzima.

Wiki mbili zikapita, ndipo kikaja kijitabu chako cha nyama ya sungura.

Sikukushukuru vizuri kwa zile nakala kumi na tano, nisamehe. Uliandika pale mwanzoni kwamba swali la utafiti wako lilizaliwa kwenye mabanda ya shangazi yako huko Moshono. Niliposoma mstari huo nilikifunga papo hapo. Nikasema siendelei peke yangu, nitakisoma mbele ya kikundi chetu cha wafugaji pale usharikani, wasikie binti yetu anavyoandika. Jumatano ya wiki iliyopita nikavaa kile kitenge changu cha Pasaka, nikasimama, nikasoma kwa sauti ya kuhubiri.

Ukurasa wa kwanza ulikwenda vizuri. Kwenye wa pili umeandika kwamba sungura anavyozidi umri ndivyo nyama yake inavyozidi mafuta. Nikaendelea. Umeandika kwamba jike aliyekomaa huweka mafuta zaidi ya dume wa umri wake, hasa akilishwa sana bila kuzaa. Nikaanza kusoma polepole. Umeandika kwamba hata kwenye sungura mmoja nyama hazifanani: mgongo una mafuta kidogo kuliko sehemu zote, paja linafuata, halafu mikono ya mbele na nyama za tumbo ndizo zenye mengi. Kisha ukaandika kuhusu yale ya kwenye figo, kwamba hayo si nyama tena, ni mafuta matupu, na mwenye shida ya moyo ayatupe.

Nikaacha kusoma. Wenzangu wakadhani nimezidiwa na furaha kwa ajili yako, wakapiga makofi. Anna, katibu wetu, alikichukua kijitabu mkononi mwangu akamalizia yeye. Nilikaa kwenye benchi, na nilichokuwa nakiona ni ile chupa ya jamu.

Wewe umechunguza umri, jinsia na sehemu ya nyama. Vyote vitatu mimi nilivichagua upande ule mbaya, tena nikaongezea na kijiko. Kama ningekuwa na nia ya kumdhuru nisingepanga vizuri zaidi ya hapo.

Niliporudi nyumbani chupa ilikuwa imebaki nusu. Niliimwaga chooni. Baadaye nikajuta, kwa sababu nilitaka aione kwa macho yake.

Jumamosi nikachinja dume mmoja kijana, yule wa madoa meusi aliyekuwa anangoja mteja. Nikatoa mgongo peke yake. Nikauchemsha na karoti na nyanya na chumvi kidogo sana, nikaufunga kwenye hotpoti, nikaenda nao Kikatiti. Mzee nilimkuta amekaa na Lemomo nje ya zizi. Amekonda usoni, Nice, lakini miguu imevimba kidogo kwenye vifundo, na alipoinuka kunipokea alishika nguzo kwanza. Tulisalimiana kama watu waliokutana njiani.

Lemomo ndiye aliyefunua chakula. Alikitazama, akaniuliza, "Shemeji, hii umemletea nani?" Hakuwa anatania. Kwake ilikuwa kana kwamba nimekuja mpaka pale kumalizia matusi ya hospitali.

Sikumwomba Lemomo atupishe. Nilimvunjia mzee heshima mbele ya watu, nikaona ni haki na maungamo yawe mbele ya mtu. Nikaeleza lile banda la peke yao, na pumba, na mikono ya mbele, na figo, na chupa. Nikawasomea ukurasa wako wa pili. Nikamwambia Baba Hanna kwamba mwongo hakuwa yeye, na kwamba chakula kilichomrudisha nyuma nadhani kilitoka kwenye mikono yangu. Nikapiga magoti, na unajua magoti yangu na ya bibi yako ni ukoo mmoja.

Nilijiandaa kwa maneno makali, na ningeyapokea. Maneno aliyosema sikuwa nimejiandaa nayo.

"Mama Hanna, mchuzi ukipoa ulikuwa unaganda. Nilijua tangu mwezi wa sita."

Nikamuuliza kwa nini basi alikula, kwa nini hakusema.

"Ningesema nini? Tangu niugue kila mtu ananipimia chakula kama mtoto. Wewe peke yako ndiye uliyeendelea kunigawia kama mzee."

Mwanangu, niliingia pale na toba, nikapandwa na hasira upya. Nilimuuliza kama alikuwa amepanga kufa kwa adabu. Nilimuuliza heshima hiyo angeikalia wapi, kaburini? Lemomo akainuka kwenda kutazama ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote. Mzee akavuta bakuli, akala mgongo wote, akafuta mdomo, akanirudishia hotpoti ikiwa tupu. Kuhusu kurudi nyumbani alisema atafikiri. Nikarudi peke yangu.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Nawaza kwamba aliiona sumu, akainywa kwa sababu mimi ndiye niliyeishika. Na mimi ndiye niliyemwita mwongo. Tena nawaza kama alikuwa ananyamaza hivyo kwa mafuta, ni mangapi mengine ya miaka yote hii aliyoyameza kimya kwa sababu niliyaleta mimi.

Sasa nijibu, na usinihurumie kwa kuwa ni shangazi yako. Mafuta yale ya miezi sita ndiyo yaliyopandisha vipimo vyake, au yalikuwa na sababu nyingine pia? Daktari nilimpigia nikamweleza yote. Alisema yanaweza kuwa yamechangia sana, ila huenda na dawa yenyewe haikumtosha, nao wameibadilisha. Lakini daktari hajapasua sungura kama ulivyopasua wewe. Na kijitabu chako kina mstari mmoja kwenye ukurasa wa nne, unaosema mafuta ya sungura si mazito kama ya kondoo. Mstari huo nimeusoma mpaka karatasi imelegea. Ni wa kweli kiasi gani? Au uliuandika kuwafurahisha wafugaji? Kama akila mgongo wa sungura kijana kuanzia sasa, na dawa zake, mtu wa miaka sitini na miwili anarudi alipokuwa, au yaliyoharibika yameharibika?

Majike wazee waliobaki ni wanne. Nimewapunguzia pumba, lakini sijui niwafanye nini. Kila nikipita wanakuja kwenye wavu wakidhani nimewaletea chakula.

Jambo jingine, na hili ni ombi. Ukichapisha kijitabu tena, ongeza mstari. Sema kwamba mzee akipewa mgongo asidhani amepunguziwa heshima, na mke anayempa asionekane amemdharau. Uandike wewe mwenye elimu, upigwe chapa, watu wauone. Nikisema mimi wataona natafuta kisingizio. Pale usharikani nimewauliza wenzangu taratibu, bila kusema yangu, ni kipande gani wanawapa waume zao wenye presha. Wengi wamejibu kama mimi. Mmoja ana chupa kabisa, kama yangu, ila yake ni ya asali.

Bibi yako anakusalimu, anasema ukija likizo umletee ndizi za huko alinganishe na zetu. Baba yako Mikaeli na mama yako hawajambo. Nimewarudia wote wawili nikawaambia ukweli kuhusu mzee na nyama choma, maana uongo wangu nao ulikuwa umeshafika mbali. Hanna anakusalimu. Msalimie na yule mwenzako wa chumbani, mwambie kile kikapu alichonishonea bado nakwenda nacho sokoni.

Jumapili, 17 Novemba

Barua sikuituma. Hanna amepata safari ya kikazi ya kuja huko kesho, nikaona atakuletea mkononi. Ni vizuri nilichelewa.

Jana mchana, saa tisa hivi, nilikuwa nafua nikasikia lango. Alikuwa na fimbo na blanketi. Lemomo alikuwa amemsindikiza, akakataa hata chai, akasema anawahi mvua. Mzee alipita moja kwa moja mpaka kwenye mabanda. Alisimama mbele ya majike wale wanne, akawatazama sana. Halafu akaniambia niwape akina mama wanaotaka mbolea ya bustani, wawafuge tu wafe kwa uzee wao. Sikubisha, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu.

Hajapona, usije ukadhani hivyo. Alipanda ngazi mbili za barazani akasimama kuvuta pumzi. Tarehe ishirini na tisa anapima tena, na mimi hofu niliyo nayo siwezi kuiandika yote. Hatukusemezana kuhusu Kikatiti. Nikaingia jikoni. Nilikuwa nimechinja dume kijana mwingine Ijumaa, bila kujua kama atakuja, nikajiambia nachinjia nyumba. Nikampikia mgongo. Princess nikampa paja.

Nikamwekea bakuli mbele yake. Miaka thelathini na moja sijawahi kumwekea chakula kama kile hapa nyumbani. Princess alichungulia bakuli la babu yake, akachungulia lake, akatutazama kwa zamu. Mtoto anajua sana mgao wa nyumba anayolelewa.

Akamuuliza, "Babu, umefanya kosa gani?"

Nilitaka ardhi inimeze. Mzee akakata kipande, akakitafuna mpaka kikaisha, tena bila haraka.

Akamwambia, "Sijafanya kosa. Bibi yako amenichagulia."

Nilikwenda jikoni kutafuta chumvi ambayo hakuna aliyeiomba.

Mungu wa baba zako akutunze huko ugenini, akulinde mchana na usiku, na mkono wako unapopima na kuandika usichoke, maana kuna nyumba zinausubiri. Nijibu upesi, kabla ya tarehe ishirini na tisa.

Ni mimi shangazi yako, ninayekupenda na sasa ninayekutegemea,

Sinyati